Mti wa Pesa wa Mama Mkwe Nimeusukia Rasta

Mpendwa mshauri, msaada wako nauomba nikiwa nimesimama, maana kukaa siwezi, moyo unanienda mbio kwa furaha na kwa hofu na sijui kipi kimetangulia. Mama mkwe wangu anakuja kuishi nasi Jumamosi hii, si kututembelea, kuishi, na masanduku yake na miwani yake, baada ya miaka ya kumbembeleza, na mbembelezaji mkuu nilikuwa mimi kuliko hata mwanawe. Najua barua zinazokujia kuhusu mama wakwe ni za vilio, lakini yangu ni kinyume, mimi huyu mama nampenda mpaka naona haya kumwambia. Mama yangu mzazi sikumjua, alifariki nikiwa bado wa kubebwa, na nilipoolewa huyu ndiye mtu wa kwanza kuniuliza kama nimekula halafu akasubiri jibu. Kwa hiyo nikikuambia kwamba tangu alipokubali kuja mimi nafagia huku nacheza, uniamini.

Sasa tatizo. Tatizo ni mti.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi, ina viti vitatu, vioo viwili na dirisha kubwa linalotazama barabarani, na wateja wamenipa jina la Kaza, kwa sababu nikikusuka nimekusuka, nywele hazilegei mpaka uamue mwenyewe, ingawa wapo wanaosema kwamba siku za mwanzo hawawezi kufumba macho sawasawa, hao ni watu wa kulalamika tu. Mama mkwe alikuwa mkunga kabla ya kustaafu, mtu wa maneno machache na mikono misafi, na tulipohamia nyumba hii alituletea mti wa pesa, ule mti wa ndani wenye majani yaliyotanda kama vidole vya mkono na mashina yaliyosukwa pamoja. Aliuotesha mwenyewe kutoka vipandikizi, akayasuka mashina matatu yakiwa bado machanga na ya kijani, na juu akayafunga kwa kipande cha bendeji. Aliuweka kwenye dirisha la saluni, akaenda kunawa mikono, akarudi akanionyesha kwa kidole.

"Hili refu ni mwanangu," akasema. "Hili lililonyooka ni wewe. Hili fupi lenye nundu ni mimi. Siku hili fupi likinyauka, mjue nimewachoka."

Alikuwa anatania, mshauri, yeye hutania bila kucheka, lakini maneno yale yalinikaa, na nikaapa moyoni kwamba mti ule utakuwa mti unaopendeza kuliko miti yote ya ndani katika mtaa huu. Na mimi nikipenda kitu napenda kwa mikono, siwezi kupenda kwa mbali. Nilianza na ile bendeji, nikaona mti umekaa saluni, mahali pa urembo, utafungwaje bendeji kama umetoka kuvunjika, nikaitoa nikaitupa. Nikayafumua mashina nikayasuka upya kuanzia chini, nikikaza kama ninavyojua, nikafunga kwa zile raba ndogo nyeusi za kufungia nywele, nyingi tu, kila baada ya nafasi raba moja, na juu yake nikazungushia uzi wa kusukia ili raba zisionekane. Majani nikayapaka mafuta ya kung'arisha nywele mpaka ukiyasogelea karibu ujione sura. Maji niliupa kila asubuhi kabla ya kufungua, na tena kila mteja aliyekaa chini yake akasema kwamba unaonekana una kiu, na wateja wangu wana huruma sana. Jua likitoka naupeleka barazani, likiwa kali naurudisha, mvua ikinyesha naupeleka tena upate kuoga.

Na ulipendeza, usinifikirie vibaya, ulipendeza kweli. Ulitoa majani mapya, moja baada ya jingine, ya kijani kibichi, yanafunguka polepole kama ngumi ya mtoto, na siku moja likatoka jani lenye vidole saba badala ya vitano na saluni nzima ikasimama, mwalimu wa hesabu niliyekuwa namsuka akalihesabu kisha akaomba alihesabu tena. Wateja wakaanza kuugusa kabla ya kwenda kwenye usaili wa kazi. Pesa zenyewe sijaziona hadi leo, lakini furaha niliiona.

Kisha mama mkwe akateleza bafuni kwake akaumia nyonga. Amepona vizuri, anatembea na fimbo, ila daktari alisema asiishi peke yake tena, na hapo ndipo alipokubali kuja, na hapo ndipo mimi nilipopagawa. Nimemwandalia chumba cha karibu na chetu, mlango kwa mlango, ili akikohoa nisikie, nimemnunulia ndara zisizoteleza na shuka za maua, nimetoa komeo la ndani kwenye mlango asije akajifungia akaanguka tukashindwa kuingia, nimemwambia kile kiti chake cha mbao akiache kwa sababu hapa kuna sofa, redio yake aiache kwa sababu hapa kuna televisheni, birika lake la chai nimemwambia ampe jirani kwa sababu hapa hatakanyaga jikoni, chai ataletewa, kila kitu ataletewa, na kila Jumapili nitamsuka mwenyewe. Kila nikimpigia simu kumweleza jambo jipya nililolipanga anasema, "Haya, mwanangu," basi. Na kabla ya kukata simu anauliza, "Na mti?" Nami najibu kwamba unapendeza.

Basi kama wiki tatu zilizopita nilikuwa nafuta vumbi, nikaushika mti ili niusogeze, na kidole changu kikazama. Lile shina fupi lenye nundu lilikuwa limelainika chini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nikakata uzi, nikakata raba, na chini ya kila raba kulikuwa na mfereji ulioingia ndani ya gome, na shina la mama mkwe lilikuwa limekauka juu na kuoza chini, halina jani hata moja, ila kwa kuwa majani ya mashina mengine yalikuwa yamelifunika sikuwahi kuona. Nilikaa sakafuni katikati ya nywele za wateja, nikalia. Nililia kweli.

Mume wangu ni fundi umeme, mtu wa suluhisho la haraka. Aliniambia kwamba kwa muuza maua kuna mti unaofanana na huu, tununue, tubadilishe, mama hatajua. Nikamwambia, "Mama yako maisha yake yote alikuwa anampa kila mzazi mtoto wake. Huyo ndiye utakayembadilishia?" Akarudi kwenye nyaya zake.

Kwa hiyo nikafanya lile ambalo msusi hufanya nywele zikiwa hazipo. Niliunganisha. Nilikata kitawi chenye majani kutoka kwenye shina lililonyooka, yaani langu mimi, nikakitia kwenye kichupa cha mafuta ya nywele nilichokiosha na kukijaza maji, nikakifunga kichupa nyuma ya shina lililokufa kwa uzi wa kahawia, nikayapanga majani yakatokea mbele. Ukisimama mlangoni huwezi kujua. Hata mteja aliyekaa chini yake hakujua, alisema tu kwamba leo mti umechangamka. Nililisukia rasta shina la mama mkwe wangu, mshauri, na sijawahi kusuka kitu nikiwa na kijasho kama kile.

Sasa sikiliza. Jana nilikuwa namsuka muuza vitambaa wa jirani, upande mmoja nimemaliza, upande wa pili nywele zimesimama wima, nikaona maji ya kichupa yamepungua, nikainuka kuyaongeza. Nikakifungua. Kwenye lile tawi, chini kabisa, palikuwa na mizizi. Midogo, myeupe, mingi. Nilipiga ukelele, muuza vitambaa akaruka na kichwa chake cha nusu akadhani nyoka, nami nikamwonyesha, naye akapiga ukelele wa kwake, tukashikana mikono tukacheza pale katikati ya saluni mpaka wapita njia wakasimama dirishani. Tangu jana ninakiangalia kila nikipata nafasi. Nilikuwa nataka kudanganya tu na lile tawi limeamua kuishi.

Ndipo ninapokuuliza. Nikilitoa shina lililokufa, nikalipanda hili lenye mizizi mahali pake, nikalisuka pamoja na yale mawili, mama mkwe akifika Jumamosi atakuta mashina matatu, yote hai. Je, huo bado ni uongo? Mume wangu anasema si uongo tena. Muuza vitambaa anasema ni shina lake limefufuka. Tumbo langu linasema jambo jingine. Na nikimwambia ukweli kabla hajaja, naogopa atakumbuka utani wake, ataona mimi ndiye niliyemnyausha, atasema basi, abaki kwake, naye alikubali kwa shingo upande tangu mwanzo, kisingizio chochote kingemtosha. Sitaki kumkosa huyu mama. Wa kwanza sikumpata, huyu wa pili sitaki aniponyoke dirishani kwangu kwa sababu ya raba za nywele. Nijibu haraka, tafadhali, Jumamosi inakuja mbio.

Ni mimi, Kaza, msusi mwenye furaha inayotetemeka.

MSHAURI ANAJIBU

Kaza, kaa chini kwanza. Hapo penye kiti cha mteja panatosha.

Umekaa? Haya, sasa nikupongeze. Nilipofika kwenye mizizi nilipiga makofi peke yangu ofisini hadi mhariri akachungulia mlangoni. Na mimi nina mti wa pesa, uko juu ya kabati la mafaili, na mara ya kwanza nilipojaribu kuotesha kitawi chake kiliniozea kwenye glasi. Wewe umekipatia kwenye kichupa cha mafuta, kikiwa kimefungwa uzi, kikiwa katika kazi ya udanganyifu. Furahi, una haki ya kufurahi.

Ukishamaliza kufurahi, nikukaripie, maana tumbo lako lina akili kuliko mumeo na muuza vitambaa wakiwekwa pamoja. Ndiyo, huo bado ni uongo. Kitawi kile ni kizima, lakini kimetoka kwenye shina lako wewe. Unataka kujikata kipande, ukivike jina la mama mkwe, kisha umkaribishe yeye akae karibu nacho aambiwe kwamba ndiye. Jibu ulilompa mumeo kuhusu watoto na wazazi wao ndilo jibu langu pia, na sioni kwa nini ulipie stempu kwa kitu ulichokijua.

Tuje kwenye shina lililokufa. Usiniambie limenyauka. Umelinyonga, na ulipoona bado linahema ukalizamisha. Shina la mti wa pesa hunenepa kila mwaka, raba hainenepi. Mkunga alifunga bendeji kwa sababu bendeji hulegea mwili ukivimba, hiyo ni kazi yake, aliifanya maisha yake yote. Wewe ukaona inachusha saluni, ukaitupa bila kumuuliza kwa nini aliiweka. Lile fupi lilikuwa limebanwa na wenzake pande zote, ndiyo maana likatangulia kufa. Mteja wako ukimkaza sana anakuambia hawezi kufumba macho, na kumbe hata yeye humsikii. Mti utakuambia vipi?

Leo, kabla ya mteja wa kwanza, fanya hivi. Kata raba zote na nyuzi zote, hata zile unazodhani hazijaumiza. Kisha fumua. Hii ni kazi unayoijua kuliko mimi, fumua kama unavyofumua nywele zilizokaa muda mrefu kichwani, kuanzia juu, taratibu, bila kuvuta. Shina lililooza likitoka kwa kutikiswa kidogo, litoe lote na mizizi yake iliyolainika. Likigoma, likate usawa wa udongo uliache lililobaki, usichimbechimbe ukajeruhi mizizi ya yale mazima. Mashina mawili yaliyobaki yameshakuwa magumu, mti mtupu, usijaribu kuyasuka tena. Yaache yaegemeane yanavyotaka, yatakuwa na umbo la ajabu na litakuwa umbo lao.

Majani yafute kwa kitambaa kibichi chenye tone la sabuni laini, mafuta yatoke yote. Jani hupumua kwa ngozi yake, na hivyo ulivyolipaka umeliziba pua. Maji usiupe kwa huruma ya wateja. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili, ukikuta unyevunyevu ondoka, ukikuta pakavu mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Kama chungu hakina tundu, tafuta kingine chenye tundu. Weka dirishani penye mwanga mwingi lakini jua la mchana lisiuchome moja kwa moja, na hapo uache. Mti si mtoto wa kubebwa barazani na kurudishwa, kila ukiuhamisha unaanza kuzoea upya na majani yanaanguka. Zungusha chungu kidogo mara moja kwa wiki ili usiinamie upande mmoja, na hapo mikono yako iwe imeridhika.

Kitawi chako kiache majini mpaka mizizi ifikie urefu wa kidole, maji ukiyabadilisha yakianza kuchafuka. Halafu kipande kwenye chungu chake chenyewe, kidogo, chenye udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga. Usikichomeke katikati ya wakubwa. Kitafunikwa na majani yao, kitanyimwa mwanga, na mizizi yao itakunywa maji yote kabla yake. Kiache kikue kivyake, pembeni yao, dirisha hilohilo.

Mti tumemaliza. Lakini barua yako niliisoma mara ya pili, nikachukia.

Kaza, umemwambia mwanamke aliyeendesha nyumba yake mwenyewe miaka yote hiyo kwamba aache kiti chake, aache redio yake, na birika lake ampe jirani. Birika, jamani. Mtu akiamka alfajiri na nyonga inamuuma, anachokitaka ni kuchemsha maji yake mwenyewe, akae kwenye kiti ambacho kinamjua mgongo, asikilize sauti aliyoizoea. Wewe umepanga aletewe. Kila ukimpigia simu unamsomea raba nyingine uliyomfunga, naye anajibu "Haya, mwanangu", na wewe unasikia kwamba amefurahi. Mimi sikusikia furaha hapo. Nilisikia mteja ambaye macho yamevutwa juu na anaona aibu kusema.

Najua ni mapenzi. Nimeyaona, yanamwagika kila mstari, na nikiri kwamba pale uliposema aliuliza kama umekula akasubiri jibu nililazimika kuvua miwani. Ila ulivyoupenda ule mti ndivyo unavyompenda mama mkwe, kwa maji ya kila asubuhi na uzi juu ya raba, na umeshaona mwisho wake. Huyu ukimkosa hutamwotesha kwenye kichupa.

Kwa hiyo piga simu leo. Usimtume mumeo, usiandike ujumbe, piga. Mwambie hivi, kwa maneno yako: mama, lile shina fupi limekufa, nililikaza, nikataka kukudanganya, nimeshindwa. Usiongeze kilio, usieleze udongo wala mbolea. Kisha mwambie aje na birika lake na kiti chake na redio yake, na kama birika limeshafika kwa jirani, nenda ukaliombe mwenyewe, uone haya, utapona. Mwambie pia kuna kitawi kidogo chenye mizizi, kimetoka kwenye shina lako, hakina jina, na kinasubiri mkono wake wa kukipanda kama atapenda. Asipopenda, kipande wewe.

Na akisema haji? Basi haji, na wewe utakwenda kwake kila wiki na chungu mkononi mpaka achoke kukufungulia. Lakini sidhani. Watu hawahami nyumba kwa ajili ya mti.

Akija, mpe chungu chake, kwenye dirisha hilohilo. Hayo ndiyo yote niliyo nayo ya kukuambia, juu yake na juu ya kitawi.

NYONGEZA

Majibu haya nilimsomea Kaza kwenye simu kabla hayajaenda kuchapwa, maana Jumamosi haisubiri gazeti. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo nadhani kwake ni nadra, akasema asante, akakata. Baadaye alinipigia, anaongea na kupumua kwa pamoja, nikamwomba aanze mwanzo.

Alikuwa amempigia mama mkwe. Alimweleza yote, hadi kichupa. Mama akauliza alikuwa ameyafunga mashina kwa kitu gani. Kaza akasema raba.

"Nilijua," mama akasema. "Umeshawahi kunisuka."

Na akacheka. Kaza anasema hajawahi kumsikia akicheka, kwamba mwanzoni alidhani laini imeharibika. Habari ya birika aliipokea kwa kusema tu kwamba hakuwa amempa jirani, lilikuwa limeshafungwa ndani ya sanduku, chini ya nguo, na alikuwa bado hajajua angelificha wapi akifika. Kuhusu kitawi alisema kisipandwe mpaka afike, na udongo asichanganyiwe na mtu. Halafu akauliza jambo moja la mwisho, na safari hii hakuuliza mti.

"Mlango wa chumba changu unafungwa kwa ndani?"

Mimi, mshauri wenu mwenye miwani, niliisoma barua ile mara mbili. Nililiona birika, nikaliona kiti, nikaiona redio, na hilo la komeo nikalipita bila kulitia neno, limebanwa pale katikati ya ndara na shuka za maua. Kaza naye alikuwa amelisahau. Aliniambia alimjibu mama mkwe wake kwamba saa hiyo haufungwi, lakini Jumamosi utafungwa.

"Basi nitakuja," mama akasema.

Tulipokuwa tunaongea nilisikia kelele nyuma ya Kaza, chuma kinasaga mbao, nikamuuliza ni nini. Akasema ni mumewe, yuko mlangoni na bisibisi.

Kwa hiyo wasomaji, na wewe Kaza ukiwa bado umekaa kwenye hicho kiti, niongezeeni mstari mmoja juu kabisa ya ushauri wangu, kabla ya raba, kabla ya maji, kabla ya simu: rudisha komeo.